Nani Alikupima Mgongo?

Mimi niko salama huku Mazwi, Sumbawanga, nimejifunga kanga mbili juu ya sweta. Najua wenzangu wa Dar mkisikia Sumbawanga akili zinakimbilia kwenye uchawi, wakati jina lenyewe la mji linatafsiriwa kuwa "tupa uchawi". Kinachotutesa sisi huku ni baridi, ndugu zangu. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Ufipa ukikukuta asubuhi unaenda kazini, hutatamani kuacha wazi hata kifundo cha mguu.

Sasa niambie, mtu anayeishi mahali kama hapa anashona gauni la joto la nini? Tena gauni la mikono mifupi, shingo wazi, kiuno cha kubana na sketi pana ya marinda, kama wanawake wa kwenye sinema za zamani?

Swali hilo hilo aliniuliza baba Junior mwaka 2024, aliponikuta mezani na mkasi. Nikamjibu, "Nimechoka kununua mitumba." Ulikuwa uongo. Leo nakupa wewe jibu la kweli, maana nimegundua kisa hiki si changu peke yangu. Wengi wetu tumo humu humu.

Bahasha kutoka Uingereza

Oktoba 2024 tulikuwa tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Tulikubaliana kwamba watoto wabaki kwa bibi yao, sisi tushuke Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, siku tatu. Kutoka hapa ni kama kilomita 110 kupitia Matai, lakini unashuka karibu mita 1,000, na ukifika unavua sweta bila kuambiwa na mtu. Oktoba kule ni joto hasa, mvua bado.

Basi nikataka gauni. Nyumbani kwa mama kuna picha yake ya studio ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Amevaa gauni la kubana kiunoni, sketi imetandazika, mkono mmoja kiunoni, anamwangalia mpiga picha kana kwamba anamdai. Mtindo wenyewe ulikuwa umeshakuwa mzee hata wakati huo. Ulivuma baada ya Christian Dior kuonyesha mavazi yake Paris Februari 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, wanawake wa Ulaya walikuwa wamechoka na nguo za mgawo, na yeye akawaletea kiuno chembamba na sketi zinazomeza yadi kwa yadi. Miaka yote ya 1950 dunia ikavaa hivyo, na huku kwetu tukaendelea nao baada ya wenzetu kuhamia kwenye vimini. Mama hujisifu kwamba gauni lake lilifika chini ya magoti, kwa hiyo wale vijana wa TANU Youth League waliopiga vita vimini kwenye Operesheni Vijana, kuanzia Januari 1969, wasingekuwa na la kumwambia.

Mdogo wangu anayesoma Uingereza nilimtumia picha ile kwenye simu. Baada ya wiki kadhaa akanitumia, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi likizo, bahasha ya patani ya kampuni moja ya Marekani, yenye gauni linalofanana na lile la mama kama pacha.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: patani ya kununua ni bahasha yenye picha ya nguo kwa nje. Ndani kuna karatasi nyepesi sana, kama zile zinazowekwa kwenye boksi la viatu vipya. Juu yake kumechorwa kila kipande cha nguo: mbele, mgongo, mikono, sketi. Saizi kadhaa zimechorwa pamoja, mstari mmoja nje ya mwingine, kama maganda ya kitunguu. Unatafuta mstari wako, unakata karatasi, unaipanga juu ya kitambaa, unakata kitambaa, unashona. Fundi wetu wa barazani hana haja nayo. Yeye anakupima, anashika chaki, anachora moja kwa moja kwenye kitambaa. Mimi si fundi. Nina cherehani ya mkono niliyorithi kwa mama na ujuzi wa kushona mapazia.

Na unajua biashara hii ilianzaje? Kwa mke na mume. Mwaka 1863, katika mji mdogo wa Sterling, Massachusetts, Marekani, fundi nguo aliyeitwa Ebenezer Butterick alianza kuuza patani za karatasi za saizi mbalimbali. Inasimuliwa kwamba mkewe, Ellen, ndiye aliyelalamika. Alikuwa anamkatia mtoto nguo, na patani za wakati ule zilikuja saizi moja tu, kila mtu ajijue jinsi ya kuongeza na kupunguza. Mume akasikiliza lalamiko la mkewe (wanaume mnasoma?) na kampuni kubwa ikazaliwa. Kwa hiyo kitu chote hiki kipo kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kujilazimisha kwenye saizi isiyo yake.

Mimi nikaenda kufanya kinyume.

Hesabu za kupika

Bahasha yangu ilikuwa na saizi 14 hadi 22. Nyuma yake kuna jedwali: saizi 14 ni kifua inchi 36, kiuno 28, nyonga 38. Nilipoona namba zile moyo uliruka. Zilikuwa namba zangu! Nilikuwa nazo kwenye daftari, kwa mwandiko wa fundi aliyenishonea gauni la harusi mwaka 2014.

Umeona tatizo? Mwaka 2014. Tangu hapo nimezaa mara mbili. Futikamba ilikuwa kwenye droo, hatua tano kutoka niliposimama, na sikuigusa. Kazi yangu mimi ni uhasibu. Kutwa nzima nakaa ofisini narudisha hesabu zilizopikwa, namwambia mtu mzima mwenye mvi aende akaandike kilichopo. Halafu jioni nikarudi nyumbani nikapika za kwangu.

Nikakata karatasi kwenye mstari wa 14. Nikatoa kitenge kizuri cha yadi 6 alichoniletea baba Junior kutoka Mbeya mwaka mmoja kabla, ambacho sikuwahi kukishona kwa sababu nilikuwa nasubiri nipungue. Nikakikata nacho. Jumamosi tatu nilishona watoto wakishalala. Sketi nikaikusanya marinda, nikaiunga na kipande cha juu, nikaweka zipu ya mgongoni. Kwa macho lilikuwa gauni zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona.

Jumamosi ya tatu, saa nne usiku, nikalivaa. Mikono ilipita kwa shida. Kifua kikagoma. Zipu haikusogea kabisa, kila upande ulikuwa unaangalia kwake. Nikageuza mgongo kwenye kioo nikaona pengo la zaidi ya inchi 4 kiunoni. Nikavuta. Uzi wa kwapani ukafumuka, nikausikia.

Nilikaa chini sakafuni. Hapo ndipo baba Junior alipoingia.

Akaniangalia, akaangalia gauni, akasema, "Si ungempelekea fundi tu tangu mwanzo, mama Junior?"

Leo naweza kukuapia kwamba hakuwa na nia mbaya. Usiku ule nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia: umenenepa, umejiaibisha, na kitenge changu umekiharibu. Nikamwambia atoke. Akatoka. Nikasikia televisheni inawashwa sebuleni, na asubuhi nikamkuta amelala huko huko kwenye kochi.

Sasa jibu la kweli la lile swali. Tangu nimzae binti yetu mwaka 2021 nilikuwa nabadilisha nguo bafuni. Kulala, taa inazimwa kwanza. Mwanzoni mume wangu aliuliza, baadaye akaacha kuuliza, na baadaye zaidi akaacha hata kunyoosha mkono. Tulikuwa hatugombani. Tuliongea habari za ada, mkaa, unga, na nani atanunua umeme. Tulikuwa kama wapangaji wawili wanaochangia luku. Nilitaka gauni lile kwa sababu nilitaka nifike Kasanga nikiwa bibi harusi wa 2014, aniangalie kama alivyoniangalia wakati ule. Gauni likakataa kunisaidia kusema uongo.

Barazani kwa fundi

Jumatatu baada ya kazi nililikunja gauni kwenye mfuko wa rambo nikampelekea fundi mmoja, mama wa makamo, ambaye cherehani yake iko barazani si mbali na kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leta nione."

Akalikunjua. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akachungulia marinda. "Umeshona vizuri," akasema. Nilitaka kulia tena. "Nani alikupima?"

"Nilijipima mwenyewe."

"Na mgongo ulijipimaje?"

Nikanyamaza. Akanionyesha kwa kidole mgongoni mwangu, kuanzia ule mfupa unaotokeza chini ya shingo mpaka kiunoni. "Hapa. Hapa hakuna mtu anayejipima. Lazima mwingine akushikie futikamba. Mume unaye?"

"Ninaye."

"Anafanya kazi gani?"

Hapo, msomaji wangu, hata mimi mwenyewe nilicheka. Mume wangu ni mpima ardhi. Viwanja vya watu vya nusu ya wilaya hii amevipima yeye.

Yule mama hakucheka. Alinirudishia gauni akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Sketi hii ni nzima, ni ya marinda, tunayalegeza tu inaongezeka. Kitambaa kimebaki kiasi gani?"

"Yadi moja na nusu."

"Inatosha kukata upya kipande cha juu. Lakini usiniletee namba za kukisia. Nenda ukapimwe na mtu mwenye macho ya kukuona, uniletee zilizopo."

Ningeweza kumwambia anipime yeye pale pale, ingekuwa dakika tano. Nilijua, na nadhani yeye alijua pia, kwamba nikifanya hivyo nitapata gauni tu.

Usivute tumbo

Usiku ule nilichukua futikamba na kalamu nikaenda sebuleni. Nikazima televisheni. Nikamwambia, "Baba Junior, naomba unipime." Mikono ilikuwa inatetemeka, na haikuwa baridi.

Alinifuata chumbani. Taa tuliiacha inawaka. Kwa kupima vizuri unabaki na nguo ya ndani tu, na mimi nilikuwa sijasimama hivyo mbele yake kwa miaka mitatu. Akaishika futikamba kama anavyoshika ile ya kazini, anaivuta mpaka inalia.

"Usinyonge, mimi si bikoni," nikamwambia.

"Haya, simama wima. Usivute tumbo."

"Sijavuta."

"Umevuta. Pumua."

Nikapumua. Kifua 40. Kiuno 34. Nyonga 43. Kila namba aliitaja kwa sauti ile ile, akaandika, akaendelea. Nilikuwa nasubiri mguno, kicheko, hata nyusi kupanda. Hakuna.

"Husemi kitu?"

"Niseme nini? Nimepima, nimeandika. Hivi ndivyo kilivyo."

Akaja nyuma yangu. Nilikuwa nimejifunga kamba nyembamba kiunoni ili ionekane kiuno kiko wapi, maana watu wengi tunakikosea kwa inchi nzima. Akatafuta ule mfupa wa shingo kwa kidole gumba. "Inchi 15 na nusu." Hakuondoa mkono. Na hapo, tukiwa hatuonani nyuso, akasema, "Miaka mitatu unazima taa. Mimi nilijua umenichoka."

Nikamwambia, "Nilijua ukiniona ndiyo utanichoka wewe."

Tukakaa kimya kidogo. Halafu akanipa futikamba. "Haya na mimi nipime." Siku ya harusi suruali yake ilikuwa kiuno 32. Futikamba ikasema 39. Akavuta tumbo, nikamwambia apumue. Tulicheka mpaka binti yetu akaamka.

Sitaki kukudanganya kwamba yote yaliisha usiku ule. Tuliongea mpaka saa nane, na mengine yaliuma. Nilijifunza kwamba alikuwa anachelewesha kurudi kutoka safari za kazi kwa sababu akifika mlangoni anapokelewa na orodha ya matumizi. Yeye akajifunza kwamba kukaa kwake kimya nilikuwa nakuhesabu kuwa ndiyo jibu. Hata sasa bado tunagombana, juzi tu tumegombana juu ya mkaa. Lakini bafuni sibadilishii nguo tena.

Gauni la pili

Kulikuwa na balaa moja limebaki. Karatasi ya patani nilishaikata kwenye 14, na mistari ya saizi kubwa ilikuwa kwenye vile vipande vyembamba vya pembeni. Tulivitafuta nyumba nzima. Vingine vilikuwa chini ya kitanda cha watoto, binti yetu amevifanya shela ya mwanasesere. Tukavinyoosha, tukavirudishia kwa selotepu, na baba Junior akanakili vyote kwenye karatasi ya kaki.

Kifua changu, kwa jedwali, ni saizi 18 (inchi 40), na kiuno ni 20 (inchi 34). Hapo zamani ningesema mwili wangu una kasoro. Kumbe kazi yake ni rula tu: unaanza kwenye mstari wa 18 kwapani, unashuka taratibu, unaishia kwenye mstari wa 20 kiunoni. Mume wangu akauchora mstari huo kama anagawa mpaka wa viwanja vya ndugu wawili. Mgongo wangu ulikuwa mfupi kuliko wa kwenye karatasi kwa inchi moja na nusu, kwa hiyo tukaikunja karatasi mahali palipochorwa mistari miwili ya kupunguzia urefu.

Nyonga tuliziacha. Sketi ni pana, haina habari nazo.

Kisha, kabla ya kugusa kile kitenge kilichobaki, nikashona kipande cha juu cha majaribio kwa shuka kuukuu. Fundi alikikagua, akabana pini mbili begani, akasema haya sasa kata. Mkanda wa kiunoni ulitoka kwenye mabaki ya kipande cha kwanza kilichokataa.

Ukitaka kujaribu na wewe

Patani za kushonea unaweza kuagizia kwa ndugu aliye nje, na siku hizi kampuni nyingine zinauza hata kwa intaneti, unachapisha mwenyewe karatasi kwa karatasi. Zingatia haya:

1. Namba ya patani si namba ya dukani. Mtu anayevaa 12 kwenye mitumba ya Marekani anaweza kujikuta 16 au 18 kwenye bahasha. Namba hiyo ni anwani ya kukufikisha kwenye mstari wako, basi. Ukiona haya, ikate na uitupe, hakuna atakayeijua.

2. Pimwa na mwingine, leo, ukiwa na nguo ya ndani utakayoivaa siku yenyewe. Daftari la zamani lifunge.

3. Usikate karatasi yenyewe. Nakili saizi yako kwenye karatasi ya kaki au gazeti. Mwili ukibadilika, na utabadilika, mistari mingine bado unayo.

4. Patani za kampuni kubwa za Marekani kwa kawaida zina nafasi ya mshono ndani yake, sentimita 1.5. Zile za gazeti la Burda la Ujerumani, aliloanzisha Aenne Burda mwaka 1950, mara nyingi hazina, unaongeza mwenyewe. Soma maelezo kwanza, wengi wamelia hapo.

5. Tafuta kwenye karatasi vipimo vya nguo ikishakamilika. Patani nyingi zimeviandika karibu na kifua. Gauni la kitambaa kisichovutika linahitaji kama inchi 2 au 3 zaidi ya kifua chako ili upumue, uinue mkono, ule ushibe.

6. Kitenge kifue na ukipige pasi kabla ya kukata, kisije kikarudi ndani ukishashona. Angalia na maua yake: kama yana juu na chini, vipande vyote vielekee upande mmoja, na ununue ziada.

7. Kila kipande kina mshale. Mshale huo uende sambamba na ukingo wa kitambaa. Pima kutoka ncha zote mbili za mshale hadi ukingoni, zikilingana uko sawa. Ukipuuza, sketi itakuzunguka mwilini kama ina ugomvi na wewe.

8. Shona cha majaribio kwanza, hata kwa shuka lililotoboka. Makosa yafanyikie pale.

Kasanga

Tulifika Kasanga mchana, jua linawaka, ziwa limelala kimya. Nililivaa gauni langu. Nikaita, "Baba Junior, njoo unifungie zipu," kwa sababu zipu ya mgongoni nayo ni kama kile kipimo, mwenyewe huifikii vizuri. Akaja. Ilipanda mpaka juu bila kusimama njiani.

Akanigeuza, akaniangalia. Unataka kujua kama aliniangalia kama mwaka 2014? Hapana. Mwaka 2014 aliniangalia kama mtu aliyeletewa zawadi bado imefungwa. Safari hii aliniangalia kama mtu anayenijua. Nimefikiria sana tangu siku hiyo, na nisingekubali kubadilishana.

Picha tuliyopiga ufukweni nimeiweka karibu na ile ya mama. Yeye amenishinda kiuno. Mkono kiunoni tumetoka sare.

Kazi yako ya mwezi huu, msomaji wangu, si lazima iwe gauni. Inaweza kuwa mshahara unaoukumbuka wa zamani wakati mambo yameshabadilika. Inaweza kuwa mwenzako, ambaye bado unaishi naye kwa vipimo vya siku mlipokutana na unashangaa kwa nini kila kitu kinambana. Chukueni futikamba, msizime taa, na atakayevuta tumbo mwambieni apumue.

Tukutane mwezi ujao. Mimi narudi kwenye sweta langu, upepo wa Ufipa umeshaanza.